Mkonge wa Monaco

Kuna picha yangu moja ambayo kwa muda mrefu kila nikiiona nilitamani simu idondoke ivunjike. Nimesimama mbele ya kasino ya Monte Carlo, mkono mmoja kiunoni, miwani ya jua ya kuazima usoni, na nyuma yangu kuna gari jekundu ambalo mwenyewe simjui mpaka leo. Ninatabasamu kama mtu ambaye dereva anamsubiri. Ilikuwa Jumamosi moja ya Aprili 2019, saa saba mchana. Ilipofika saa tisa nilikuwa nimekaa kwenye benchi mlimani, nalia, mbele ya mmea wa ukoo ule ule ambao baba yangu aliukata kwa panga miaka 22.

Naomba nianzie nyumbani, kwa sababu bila nyumbani picha ile haina maana yoyote.

Nimezaliwa Korogwe, kwenye kambi ya shamba la mkonge nje kidogo ya mji. Babu mzaa baba aliletwa kutoka Kigoma miaka ya 1950, akiwa miongoni mwa wale walioitwa manamba. Alikuja kwa mkataba, akaaga kwao kwamba atarudi na baiskeli. Hakurudi, na baiskeli hakununua. Baba alizaliwa kambini, akakulia kambini, na alipofika miaka 18 akapewa panga lake. Mama yeye ni Mzigua wa Handeni, na bibi mzaa mama bado anaishi huko mpaka leo.

Kazi ya baba ilianza kabla jua halijachomoza. Mkataji anainama kwenye shina, anakata majani ya chini, anaondoa mwiba wa ncha, kisha anafunga majani 30 kwa 30. Utomvu wake unawasha ngozi. Ukimwangalia baba mikono utaona makovu madogo madogo, kama mtu aliyewahi kufuga paka wakali. Majani yalipelekwa kwenye korona, mashine inayoyasaga na kuacha singa. Sisi watoto tulikuwa tukienda kuangalia singa zikianikwa kwenye waya, nyeupe, ndefu, zikipeperuka, na dada yangu mkubwa alikuwa akijifunika kichwani anasema hizi ni nywele za Kizungu.

Shamba lilipopunguza watu, baba aliondoka na ahadi ya malipo. Malipo hayakuja yote, na yale yaliyokuja yalichelewa mpaka yakakuta madeni yamekwisha kuyala. Baba alibaki na neno moja ambalo tulilisikia mara nyingi kuliko salamu: "Sina." Ukimwomba ya daftari, sina. Ya nauli, sina. Baadaye tukagundua kwamba wakati mwingine anayo. Kidogo, imekunjwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, inasubiri siku mbaya zaidi ya ile tuliyokuwa nayo. Nilimlaumu sana kwa kopo lile. Sikujua kwamba nimerithi.

*

Likizo tulikuwa tunapelekwa Handeni kwa bibi. Kutoka Korogwe ni kilomita 65, na wakati huo lami ilikuwa haijawekwa. Ulikuwa ukishuka kwenye gari umepauka vumbi mpaka kope. Bibi alikuwa akitupokea na kata moja ya maji, moja tu, kwa kunawa uso. Handeni maji ni kitu cha kuhesabu. Kuna bomba kubwa, HTM, linalochukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma mpaka Handeni, na baba hakuacha kumtania mama kwa hilo: "Sisi watu wa Korogwe ndio tunaowanywesha." Mama anamjibu, "Mngekuwa mnatunywesha kweli, mama yangu asingekuwa na madumu kumi na mawili uani." Na kweli, kwa bibi madumu ya njano yalikuwa yamepangwa kama wanafunzi mstarini, mengi yakiwa matupu.

Nadhani ndiyo maana nikasomea maji. Mwaka 2018 nilipata ufadhili wa shahada ya uzamili mjini Nice, kusini mwa Ufaransa, masomo yakiwa kwa Kiingereza. Pale nyumbani jina Nice halikumwambia mtu chochote, ila Ufaransa iliwaambia kila kitu. Nilipoaga, mjomba alisimama akasema ukoo sasa umepata mlango. Watu wakapiga makofi. Mlango wenyewe nikiwa mimi, nilipiga makofi pia.

Wale waliowahi kuishi kwa posho ya masomo Ulaya wanajua hesabu zake. Ukishalipa chumba, ukalipa tramu, ukanunua mchele na mayai, kinachobaki ni sarafu. Lakini mimi ni mtoto wa baba yangu. Mwezi wa kwanza niliweka euro 20 ndani ya bati la biskuti. Mwezi wa pili hivyo hivyo. Mpaka Aprili bati lilikuwa na euro 160, na hakuna mtu aliyejua, hata mwenzangu wa chumba. Zilikuwa za nini? Sijui. Za siku mbaya.

Mwishoni mwa Machi, mjomba aliandika kwenye kundi la familia. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limefunga kabisa. Alikuwa akimimina maji nje ya ndoo. Kwa mwanamke wa Handeni kumwaga maji ni msiba, na bibi alikuwa ameanza kuona aibu kuchota mbele za watu. Daktari alisema jicho linaweza kufanyiwa upasuaji, na kila mmoja alitakiwa kuchangia. Binamu yangu anayeuza machungwa stendi ya Korogwe aliandika elfu ishirini. Dada yangu akaandika elfu thelathini. Mimi niliyeko Ulaya nikaandika hivi: "Mjomba shikamoo. Mwezi huu sina kabisa, mambo yamebana. Naomba mniombee." Nikaweka na mikono ya kusali.

Mjomba akajibu: "Marahaba. Tunaelewa mwanangu, soma kwanza."

Bati la biskuti lilikuwa juu ya kabati, karibu kabisa na kichwa changu.

*

Wiki tatu baadaye, mwenzangu wa chumba, msichana kutoka Bukavu, aliamka siku ya Jumamosi akaniambia, "Dada, twende Monaco. Twende tuone vile batu ba franga banaishi." Nikamwambia sina hela ya Monaco. Akacheka. Akaniambia basi namba 100 linatoka karibu na bandari ya Nice na nauli yake ni euro 1.50. Kwa fedha ya nyumbani wakati ule, hiyo ni chini kidogo ya shilingi elfu nne. Kwa elfu nne mtu anaweza kwenda kuangalia nchi ya matajiri na kurudi kwa elfu nne nyingine.

Nilitarajia basi la watalii. Kumbe lilikuwa limejaa kama gari la mnadani. Makumi ya maelfu ya watu huingia Monaco kila siku kufanya kazi na kutoka jioni kwenda kulala Ufaransa au Italia, kwa sababu kodi ya nyumba za mle ndani hawaiwezi. Mbele yangu walisimama akina mama wawili wenye mikoba ya kazi, viatu vya kubadilisha vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mmoja alikuwa amesinzia akiwa amesimama, mkono kwenye chuma. Nilikijua kile kisinzio. Ndicho walichokuwa nacho akina mama wa kambini waliokuwa wakienda kuanika singa alfajiri.

Dirishani, lakini, kulikuwa na kitu kingine. Barabara imechongwa kwenye ubavu wa mlima, na bahari iko chini yako tu. Villefranche, Beaulieu, Cap-d'Ail: kila kona inafunguka ghuba nyingine, ya buluu ambayo hata Pangani sijawahi kuiona. Sitasema uongo, nilisahau kila kitu. Nilisahau mtihani, nikasahau baridi ya Januari, nikasahau jicho la bibi. Mwenzangu alikuwa ananipiga kiwiko kila dakika, "Ona! Ona!"

Monaco ni ndogo. Ukubwa wake ni kama kilomita mbili za mraba na wakazi hawafiki 40,000. Kuna mashamba ya mkonge Korogwe ambayo Monaco ingeingia ndani yake na ikapotea. Kwa sababu nchi yenyewe imesimama wima mlimani, wameweka lifti za umma ndani ya miamba, za bure, unaingia usawa wa bahari unatokea barabara ya juu. Tulipanda lifti tatu bila kwenda popote. Tulikuwa tunafurahia tu kitu cha bure Monaco.

Kisha tukashuka bandarini. Port Hercule inapaswa kuonekana kwa macho. Boti moja ilikuwa kubwa kuliko shule yangu ya msingi, na juu yake kijana aliyevaa sare nyeupe alikuwa anafuta chuma kwa kitambaa, anafuta, anarudia palepale. Kando ya barabara mafundi walikuwa wanafunga vyuma na majukwaa, maana mwezi uliofuata kulikuwa na mashindano ya magari ya Grand Prix, ambayo hufanyika katikati ya mitaa hiyo tangu mwaka 1929.

Mimi niliangalia kamba. Mtoto wa kambini akiona kamba lazima aiguse. Zilikuwa nene kama mkono wangu, zimefungwa kwenye vyuma vya gati, nyingine nyeupe, nyingine za buluu. Nikainama nikaishika moja. Ilikuwa laini, inateleza. Plastiki. Nikajaribu ya pili na ya tatu. Zote vile vile.

Baba alikuwa akisema, "Nailoni ndiyo iliyotumaliza." Tukiwa wadogo tulidhani Nailoni ni mtu. Mkonge uliletwa kwetu na Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893: aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Kutokana na ile 62 yakatokea mashamba yaliyofunika Tanga nzima. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 200,000 na ilikuwa ya kwanza duniani. Halafu kamba za viwandani zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967 wakati bei tayari iko chini, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Nilikuwa nimesoma haya yote kwenye vitabu. Lakini ile siku, nimechuchumaa pale gatini nimeshika kamba ya mtu nisiyemjua, ndipo nilipokutana na Nailoni ana kwa ana. Kijana wa sare nyeupe akaacha kufuta, akaniangalia. Nikaiachia.

*

Kasino tuliikuta kwa kufuata watu. Jengo lina minara miwili na mapambo mengi, mbele yake kuna bustani na chemchemi za maji zinazorukaruka mchana kutwa bila mtu kukinga ndoo. Nilisoma bei za vinywaji kwenye mgahawa wa pembeni, zimebandikwa nje kwa hisani ya watu kama sisi, nikageuka.

Mwenzangu, ambaye alikuwa amesoma habari za mji ule kwenye simu njiani kote, akaanza kunisimulia. Kumbe Monaco ilikuwa masikini. Mwaka 1848 miji yake miwili, Menton na Roquebrune, ilijitenga, nayo ikaondoka na sehemu kubwa kabisa ya ardhi, pamoja na mashamba ya malimau na mizeituni yaliyokuwa yakiilisha. Ikabaki na mwamba. Mwana mfalme wake na mama yake wakatafuta la kufanya, wakaamua kujaribu kamari, ambayo Ufaransa ilikuwa imeipiga marufuku. Wakahangaika miaka kadhaa, mpaka mwaka 1863 wakampa kazi mfanyabiashara François Blanc. Reli ikafika mwaka 1868, wageni wakamiminika, na mwaka 1869 wakazi wakafutiwa kodi. "Na unajua nini?" akaniambia. "Raia wa Monaco wenyewe hawaruhusiwi kucheza humo ndani."

Nilisimama pale nikafikiri: hawa nao walipoteza zao lao. Walibaki bila shamba kama sisi. Wakapata reli, nasi reli tunayo, inapita Korogwe katikati. Sasa tofauti iko wapi? Ningetaka kusema nilipata jibu la maana. Ukweli ni kwamba wakati nafikiri hivyo gari jekundu likaegeshwa, mwenyewe akashuka akaingia ndani, na mwenzangu akasema, "Haraka, simama hapo!"

Tulipiga picha dakika ishirini. Miwani ilikuwa yake. Mkono kiunoni ulikuwa wangu. Nikachagua iliyo nzuri kuliko zote, nikaiweka kwenye status, nikaandika maneno matatu: "Maisha ndiyo haya."

Sikufikiria nani ataiona. Au labda niliwafikiria wasichana niliosoma nao sekondari, yule aliyekuwa akiniita mtoto wa manamba. Nilimfikiria yeye peke yake, na nikasahau kwamba namba ya mjomba nayo iko kwenye simu.

*

Mwenzangu alitaka kuingia kwenye jumba la makumbusho ya bahari. Mimi nilikuwa nimeona kwenye ramani jina la bustani moja juu kabisa ya mji, Jardin Exotique, bustani ya mimea ya nchi za mbali, nikavutiwa kwa sababu kuna punguzo la wanafunzi. Tukaachana, tukapanga kukutana kituo cha basi.

Bustani ile ilifunguliwa mwaka 1933 kwenye ukingo wa genge. Njia zake zinateremka zikijipinda, na kila upande kuna mimea inayoishi bila maji mengi: dungusi za Mexico ndefu kama nguzo za umeme, minyaa ya Afrika, mishubiri. Watu wanatembea polepole wanasoma vibao. Nikakata kona moja, nikauona.

Haukuwa mkonge wetu hasa. Ulikuwa ndugu yake, majani mapana zaidi, rangi ya kijivu ya buluu. Lakini mkao ni ule ule, mwiba wa ncha ni ule ule, na kibao kilikuwa kimeandikwa *Agave*, Mexico. Mzee mmoja na mkewe walikuwa wamesimama mbele yake, mke akiwa ameshika kofia, mume anampiga picha. Walilipa kiingilio ili wasimame pale. Kwenye jani moja mtu alikuwa amechora moyo na herufi mbili kwa kitu chenye ncha, na kovu lilikuwa limekauka jeupe, kama makovu ya mikono ya baba.

Nikatoa simu ili niupige picha. Ndipo nikaona ujumbe.

Mjomba alikuwa ameichukua picha yangu na kuiweka kwenye kundi la familia. Chini yake ameandika: "Hongera mpwa wangu, tunaona Ulaya imekupokea. Bibi yako naye angependa kuiona hiyo picha, ila ndiyo hivyo, jicho."

Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa afadhali. Shangazi aliweka makofi. Binamu muuza machungwa aliandika, "Gari kali dada." Mama alikuwa ameusoma ujumbe na hakuandika kitu.

Nikakaa kwenye benchi. Kulia kwenyewe hakukuwa kwa huzuni tu, kulikuwa kwa hasira pia. Nilitaka kuwaandikia kwamba gari si langu, miwani si yangu, nauli ni elfu nne, leo nimekula mkate na ndizi. Yote hayo yalikuwa kweli. Ningeweza kuyaandika na wangeona aibu kunisema. Lakini nilijua kuhusu bati. Ile "sina" yangu ilikuwa imekaa katikati ya koo na haikunipa nafasi ya kujitetea.

Nikampigia baba. Kwao ilikuwa saa kumi, muda wa kukaa nje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uko wapi, mbona ndege wanalia hivyo?"

"Niko Monaco. Kwenye ile nchi ya picha."

Akanyamaza kidogo. "Umekula?"

Nikashindwa kujibu. Alinisubiri. Baba hana haraka na simu ya mtu mwingine. Nilipoweza kusema, nilimweleza yote, kuanzia bati mpaka euro 160. Nilitegemea anipe pole au anigombeze. Akasema, "Kopo la maziwa."

"Ndiyo baba."

"Mimi lile kopo lilinigombanisha na mama yako miaka. Unajua kwa nini niliweka? Kwa sababu niliogopa kwamba nikianza kutoa, haitatosha, halafu wataona kwamba hata mimi ni hivyo tu." Akakohoa. "Ukisema sina, angalau watu hawajui kiasi ulichopungukiwa."

Sijawahi kumsikia baba akisema maneno mengi hivyo kuhusu fedha, kabla au baada ya siku ile.

"Nifute picha?"

"Usifute. Wameshaiona. Ukifuta watasema unaficha na jingine. Mpigie mjomba wako umwambie kweli, kiasi kile kile kilivyo."

Ili nisilie tena nikamwambia, "Baba, huku kuna mkonge."

"Wapi?"

"Hapa mbele yangu. Kwenye bustani."

"Wanaukata?"

"Hawaukati. Wanauangalia."

"Wanalipwa kuuangalia?"

"Wanalipa wao, baba. Kuna kiingilio."

Baba alicheka mpaka nikamsikia jirani akimuuliza kuna nini. Akamsimulia palepale, simu ikiwa mkononi: kuna Wazungu huko wanalipa hela kuangalia mkonge. Jirani, ambaye naye alikata miaka mingi, alisema kitu nisichokisikia, wakacheka wote. Kisha baba akarudi. "Anasema waje kambini. Tutawaachia waangalie bure, na panga tutawapa."

*

Mjomba nilimpigia kabla sijaondoka kwenye benchi lile. Nilimwambia: nilisema sina, na nilikuwa nazo, niliogopa. Hakusema "tunaelewa mwanangu" safari hii. Alisema, "Nimekasirika, lakini nashukuru umesema mwenyewe." Jumatatu yake nilituma euro 40, kama shilingi laki moja wakati ule, na mwezi uliofuata nikatuma tena. Bati sikulimaliza. Nimejaribu kuwa mkweli kwenye andiko hili, kwa hiyo na hilo nalisema.

Jioni ile basi namba 100 lilijaa kuliko asubuhi. Mmoja wa wale akina mama wenye mikoba alikuwemo tena, au alikuwa mwingine mwenye uchovu ule ule. Nikampisha kiti. Mwenzangu alinionyesha picha za samaki alizopiga, akaniuliza mbona macho yamevimba. Nikamwambia ni vumbi la mimea.

Bibi alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia Julai 2019. Mimi nilimaliza masomo mwaka uliofuata, ule mwaka ambao dunia nzima ilijifunza neno korona. Ufaransa ilipotufungia ndani mwezi Machi, nilimpigia baba kumwambia awe makini, korona imeingia. Akaniambia, "Korona? Mimi nimeipelekea majani miaka 22." Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Nilirudi Septemba 2020. Kutoka Korogwe hadi Handeni sasa ni lami tupu, nikafika kwa bibi bila vumbi, na bado akanipa kata ya maji ya kunawa. Alimimina mwenyewe. Hakumwaga hata tone. Akaniambia, "Karibu mke mwenzangu, njoo hapa nikuone vizuri."

Baada ya chakula akadai picha. Kumbe walimsimulia. Nikaitafuta, nikampa simu. Akaisogeza karibu na jicho la kulia, akaitazama muda mrefu.

"Hili gari la nani?"

"Simjui mwenyewe, bibi."

"Sasa hapo ulisimama kufanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilivuta kidole kwenye kioo nikamwonyesha picha inayofuata, ile ya bustani, mmea wa kijivu na kibao chake. Bibi hakuwahi kufanya kazi shambani, lakini alimwoza binti yake kwa mkata mkonge, na miaka yote amefungia mbuzi kwa kamba za baba.

Akauangalia mmea. Akatikisa kichwa.

"Huu umekosa mtu wa kuukata," akasema, akanirudishia simu yangu.